Watoto wa Mpakani: Uwezo wa Akili Katika Shule za Msingi za Handeni na Korogwe

Uwezo wa akili wa mpakani ni hali ya mtoto ambaye kufikiri na kujifunza kwake kuko chini ya wastani wa rika lake, lakini hakujashuka hadi kuitwa ulemavu wa akili. Katika vipimo vya akili ambavyo wastani wake ni 100, watoto hao hupata alama kati ya 70 na 85 hivi. Si wagonjwa, na wengi wao hawana dalili yoyote mwilini. Anayewakuta wakicheza mpira jioni Mombo, wilayani Korogwe, au wakichunga mbuzi Sindeni, wilayani Handeni, hawezi kuwatofautisha na wenzao. Tofauti hujitokeza darasani, na hata huko haijitokezi siku ya kwanza.

Vipimo vya akili hutengenezwa ili alama zitawanyike kwa mpangilio unaojulikana: watu wengi katikati, wachache katika ncha zote mbili. Kwa mpangilio huo, watu wapatao 14 katika kila 100 huangukia kati ya 70 na 85, na wawili au zaidi kidogo huwa chini ya 70. Kiwango kilichowekwa nchini Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Darasa la idadi hiyo lingekuwa na watoto sita hivi wa mpakani. Darasa la wanafunzi 90, ambalo si la ajabu tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, lingekuwa nao 12. Hesabu hii ni ya kinadharia na ina udhaifu utakaoelezwa mbele. Hata hivyo inaonyesha kwamba watoto hawa ni wengi mara kadhaa kuliko wenye ulemavu wa akili, ilhali hawamo katika orodha ya aina za ulemavu ambayo shule hutumia kuandikisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Mstari unaowatenga haukuchorwa na maumbile. Mwanasaikolojia Alfred Binet alipotunga kipimo chake Paris mwaka 1905, alitaka kuwabaini watoto waliohitaji msaada shuleni, na alionya kwamba alama hizo zisichukuliwe kuwa kimo cha kudumu cha akili ya mtu. Huko Marekani, chama cha wataalamu wa ulemavu wa akili kiliweka mpaka wa juu wa ulemavu karibu na alama 85 mwaka 1959. Mwaka 1973 kikaushusha hadi karibu na 70. Mamilioni ya watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wakaacha kuhesabiwa hivyo, bila hata mmoja wao kubadilika kwa lolote. Walioondolewa lebo waliondolewa pia haki ya msaada. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 haukutaja tena namba yoyote ya kuwatambulisha. Uholanzi ilichagua njia nyingine: huduma za jamii na tiba kwa watu wenye upungufu mdogo wa akili huwafikia hata wenye alama hadi 85, iwapo maisha yao ya kila siku yameyumba.

Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ina mkakati wa elimu jumuishi, na ina chuo cha Patandi mkoani Arusha kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Katika shule kadhaa kuna kile ambacho walimu hukiita kwa mkato “kitengo”, yaani darasa la watoto wenye ulemavu wa akili au usonji ndani ya shule ya kawaida. Mkoani Tanga, ziliko Handeni na Korogwe, huduma hizo zina historia, hasa upande wa Lushoto, ambako Kanisa la Kilutheri lina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili Irente. Mtoto wa mpakani hahusiki na kitengo, kwa kuwa hana ulemavu unaotambuliwa. Hubaki katika darasa la kawaida, na mtaala wa darasa hilo haukuandaliwa kwa mwendo wake.

Dalili zake hujificha katika mambo madogo. Mtoto hutimiza agizo moja, lakini akipewa matatu kwa mpigo hulifanya la kwanza na kuyasahau mengine. Hunakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, kisha hawezi kusoma alichonakili. Husoma sentensi kwa sauti, silabi kwa silabi, na akifika nukta mwanzo wake umeshapotea, kwa sababu kumbukumbu ya muda mfupi imetumika yote katika kuunganisha herufi. Katika Hisabati hujumlisha vizuri mradi tarakimu zimepangwa. Hesabu hiyo hiyo ikifungwa ndani ya habari ya mama aliyenunua maembe sokoni, hajui aanzie wapi. Alichokijua Ijumaa huhitaji kufundishwa upya Jumatatu.

Darasa la kwanza na la pili humbeba kwa kiasi fulani, kwani tangu mtaala wa mwaka 2015 madaraja hayo yalielekezwa zaidi kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kikwazo huja darasa la tatu. Masomo huongezeka, maandishi hurefuka, na mwalimu huanza kufundisha akichukulia kwamba kusoma kumeshakwisha kufundishwa. Asiyesoma vizuri hapo hukwama katika Sayansi na masomo mengine pia, ingawa shida haimo katika masomo hayo. Mwaka unaofuata kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na asiyefikia kiwango hukariri. Wapo wanaosubiri kwa kunyamaza, wapo wanaogeuka wachekeshaji wa darasa, na wapo wanaoanza utoro. Wenzao huwaita vilaza.

Ugumu mkubwa wa suala hili katika Handeni na Korogwe ni kwamba picha hiyo yote inaweza kuwa ya mtoto mwenye akili za wastani, au zaidi ya wastani, aliyezuiwa na jambo jingine. Mambo hayo ni mengi katika wilaya hizi mbili.

La kwanza ni malaria. Korogwe inajulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huo: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo huko, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe katika majaribio makubwa yaliyoanza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2014. Katika vijiji vya tambarare ya Korogwe, watu waliokutwa na vimelea walikuwa zaidi ya asilimia 70 mwaka 2003, wakashuka chini ya asilimia 15 mwaka 2008. Waliozaliwa kabla ya kushuka huko walikulia katika malaria ya kila msimu. Malaria kali inayopanda kichwani huacha alama. Kilifi, Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2005 uliwakuta karibu robo ya watoto walionusurika malaria kali wakiwa na upungufu katika kumbukumbu, lugha au uwezo mwingine. Uganda nako, karibu robo ya waliopona malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. Mzazi wa Mnyuzi au Kwamatuku akisema mwanawe “alipata degedege akiwa mdogo, tangu hapo kichwa kikawa kizito”, ametoa taarifa ya kitabibu. Walimu wengi huisikia kama imani za kijijini na kuipita.

La pili ni minyoo, kichocho na upungufu wa damu. Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo nchini ambako afya ya wanafunzi ilishughulikiwa kupitia shule zenyewe. Katika miaka ya 1990 mradi wa Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, UKUMTA, ulipima na kutibu wanafunzi wa mkoa huo, na walimu ndio waliogawa dawa. Mtoto mwenye damu pungufu huchoka na kusinzia, na hujibu polepole. Polepole hiyo hutibika kwa vidonge. Mtoto wa mpakani naye hujibu polepole, lakini vidonge havitambadilisha.

Lishe ina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Handeni ni wilaya kavu ambako mvua haitabiriki na njaa imejirudia tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Udumavu wa miaka miwili ya mwanzo hugusa ubongo unaokua, na uji wa shuleni darasa la tatu hauwezi kuyarudisha yote yaliyopotea. Kuhusu madini joto, utafiti wa mwaka 2009 ulidai kwamba watoto wa Tanzania waliolindwa na vidonge vya madini hayo tangu tumboni walisoma theluthi hadi nusu mwaka zaidi ya wengine. Wataalamu waliorudia hesabu hizo mwaka 2020 walikuta ushahidi dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Inafaa kukumbuka hilo kila inapotajwa tiba moja ya shida zote.

Usikivu na uoni husahaulika kupita yote. Sikio linalotoa usaha humfanya mtoto asikie nusu ya anachosema mwalimu. Darasani hana tofauti na asiyeelewa.

Halafu lugha. Katika kambi za mashamba ya mkonge za Korogwe, zilizokusanya vibarua kutoka bara, kusini na kila upande, Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi. Ndani ndani ya Handeni mtoto hulelewa kwa Kizigua, na milimani Bungu na Vugiri kwa Kisambaa. Hizo ni lugha za Kibantu zilizo jirani na Kiswahili, na pengo lake huzibika mapema. Hali ya mtoto wa jamii ya Kimaasai ni tofauti, kwa maana Kimaa hakina undugu na Kiswahili. Tangu Juni 2022 familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro zimekuwa zikipokelewa katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Mtoto wa huko anayesitasita kujibu swali la Kiswahili darasa la kwanza hajaonyesha lolote kuhusu akili yake.

La mwisho ni mahudhurio. Msimu wa kulima na wa kulinda mahindi dhidi ya ngedere na ndege hupunguza watoto darasani, na mifugo huwapunguza zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti za watu zaidi ya 600,000 kutoka nchi zilizoendelea, ulionyesha kuwa kila mwaka wa ziada wa shule huongeza alama za akili kati ya moja na tano. Kwa hiyo mtoto aliyekosa nusu ya masomo kwa miaka mitatu anaweza kujikuta ndani ya mpaka kwa sababu ya utoro pekee.

Hapa ndipo hesabu ya watoto 14 katika 100 inapopata udhaifu wake. Asilimia hiyo ni kweli pale tu kipimo kiliposanifiwa kwa watoto wa aina moja na wanaopimwa. Kipimo cha Marekani kikiletwa Kwamsisi, wilayani Handeni, kama kilivyo, sehemu kubwa ya darasa itaanguka chini ya 85, na kitakachokuwa kimepimwa ni umbali kati ya Kwamsisi na Marekani. Mwanasaikolojia Robert Serpell alilionyesha hilo Zambia katika miaka ya 1970: watoto wa Kizambia waliwashinda wa Kiingereza katika kuunda maumbo kwa waya, mchezo wao wa kila siku, wakashindwa katika kuchora kwa kalamu, na katika udongo wakawa sawa. Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati wa shule. Wakati wao ulikwenda katika kujifunza kile ambacho kijiji kilikithamini. Mahakama nazo zimelikuta suala hili: mwaka 1979, katika kesi ya Larry P., jaji wa California aliamua kwamba vipimo vya akili vilikuwa vimewapeleka watoto Weusi kwa wingi kupita kiasi katika madarasa ya wenye upungufu.

Jaribio lililo karibu zaidi na Tanga lilifanyika wilayani Bagamoyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watoto zaidi ya 300 wa miaka 11 hadi 13 walipimwa, wakafundishwa mbinu za kujibu maswali ya aina hiyo kwa muda usiofika saa moja, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda. Lenye maana zaidi ni kwamba mpangilio wao ulivurugika: wapo waliokuwa mkiani wakapanda sana, wapo waliobaki walipokuwa. Miongoni mwa watoto ambao hawakufundishwa, mpangilio ulikaa karibu vile vile. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimewachanganya wasiojua na wasioweza. Saa moja ya kufundisha ilianza kuwatenganisha.

Njia hiyo inafaa Handeni na Korogwe kuliko kuagiza wanasaikolojia, ambao ni wachache mno nchini na wengi wao wako mijini. Mwalimu wa darasa la tatu hana haja ya namba. Anahitaji kwanza kuondoa yanayotibika: masikio na macho yaangaliwe na mhudumu wa zahanati, damu na minyoo vipimwe, mzazi aulizwe kuhusu kuzaliwa, degedege na lugha ya nyumbani, rejista ya mahudhurio ifunuliwe. Baada ya hapo mtoto afundishwe jambo moja dogo, tuseme silabi za herufi mbili, kwa wiki mbili au tatu katika kundi la wachache. Akiruka, shida yake haikuwa akili. Akipanda polepole, na kilichopatikana kikihitaji kurudiwa mara nyingi ndipo kidumu, huyo huenda ni mtoto wa mpakani, na mwalimu ameshajua namna ya kumfundisha. Asipopanda kabisa, na nyumbani pia ashindwe kuvaa, kutumwa dukani au kucheza na rika lake, hapo afisa elimu maalumu wa wilaya anahitajika.

Kwa sasa mambo ni tofauti. Jibu la mfumo ni kukariri darasa. Kukariri humfaa aliyeugua muhula mzima. Mtoto wa mpakani hupewa mwaka wa pili wa mafunzo yale yale, kwa mwendo ule ule, akiwa mkubwa kuliko wenzake na mwenye aibu zaidi. Wazazi wenye fedha hununua tuisheni, ambayo mara nyingi ni kipindi cha darasani kilichohamishiwa jioni. Fimbo nayo ipo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyemteua. Kumchapa mtoto kwa kukosa hesabu hakumo katika kanuni hizo, na kumbukumbu fupi haiongezwi na fimbo.

Kuhusu kinachosaidia, Kenya ina ushahidi mzuri. Vitabu vya kiada viligawiwa shule za Busia na Teso katika miaka ya 1990, vikawainua wanafunzi waliokuwa tayari juu. Wa chini havikuwagusa, kwa kuwa hawakuweza kuvisoma. Miaka kumi hivi baadaye, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, kuliongezwa mwalimu wa darasa la kwanza. Pale ambapo wanafunzi waligawanywa katika mikondo kwa kiwango walichofikia, wa juu na wa chini wote walinufaika, kwa sababu kila mwalimu aliweza kufundisha pale wanafunzi wake walipo. Wataalamu wengi husitasita mbele ya mikondo, na wana sababu: mkondo wa chini ukipewa mwalimu dhaifu na kusahauliwa, hugeuka jela. Kuwagawa kwa saa moja ya kusoma kila siku, kisha kuwarudisha pamoja kwa masomo mengine, huepusha hatari hiyo. Walimu wa Tanzania wanayajua mafunzo rekebishi. Yamo katika miongozo yao. Yamekosa nafasi katika ratiba na mtu wa kuyadai, na Mthibiti Ubora wa Shule anapofika huanza na maazimio ya kazi na andalio la somo.

Hisabati na kusoma si mwisho wa safari. Baada ya mtihani wa darasa la saba, ambao katika shule za serikali hufanywa kwa Kiswahili, sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto ambaye kumbukumbu yake hujaa upesi, badiliko hilo mara nyingi huwa ndio mwisho wa masomo. Mtaala ulioanza Januari 2024 umefungua mkondo wa amali, na Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kinachofundisha ufundi. Watu wazima wenye uwezo wa mpakani hujitegemea, huoa na kuolewa, hulima, hushona, hujenga. Tafiti za nchi nyingine zinawakuta na msongo, madeni na kazi za mashaka kuliko wengine, na wanadhulumika kirahisi katika mikataba. Kusoma kwa ufasaha na kuhesabu fedha ndiyo kinga yao ya kwanza, na hivyo viwili wanaweza kujifunza.

Kwa hali ya Handeni na Korogwe, badiliko la kwanza linalostahili ni la ratiba: saa moja ya kusoma kwa makundi, kila siku, kuanzia muhula wa kwanza wa darasa la tatu, kabla Upimaji wa Kitaifa haujawatoa watoto hawa katika safu ya wenzao. Halmashauri za wilaya na miji zinaweza kuliamua hilo bila kusubiri sheria mpya, kipimo kipya wala mfadhili.